Upande wa Kulia wa Televisheni

Wadogo zangu Gaudensi na Hamisi, na wenzenu wote mliobaki karakanani,

Mnivumilie kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayokosea herufi. Naandika kwa mkono wa kushoto, mkono ambao haukwenda shule kabisa, na hata ule wa kulia uliishia darasa la saba. Nikimaliza mistari michache napumzika, nakwenda kuchota maji, ndipo narudi. Mlisema niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau, kwa sababu kwa mdomo mnanijua: watu wawili wakinitazama kwa pamoja, maneno yanakwisha. Karatasi hainitazami.

Wengine hustaafu na mvi zao, wakapewa saa ya ukutani, soda na hotuba. Mimi kioo ndicho kilichonistaafisha, na mvi sijaota. Mambo ya nani alipanda cheo na nani alilipwa nini sitayaandika. Hayamsaidii mtu kunyoosha fremu.

Nilishuka Mbinga mjini kutoka Ukata, kijijini kwetu, wakati ule soko la kahawa lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaanza kupanda milimani kwetu na magari yao. Kwa misimu michache kahawa ilikuwa kahawa kweli. Watu walibomoa nyumba za udongo wakajenga za tofali za kuchoma, wakaezeka bati, na ndani wakataka sebule yenye makochi. Zamani picha ya mtu ilikaa chini ya sanduku pamoja na cheti cha ubatizo, ikatolewa akija mgeni wa mbali. Sasa kila mtu alitaka picha zake zikae ukutani, ndani ya kioo, mgeni azione bila kuomba. Halafu zikaja televisheni, na ukuta mzima ukabidi upangwe upya, maana kitu kile hakikubali kukaa pembeni.

Fundi Mshamu, ambaye ninyi hamkumkuta, alikuwa mtu wa pwani, upande wa Kilwa. Alikuja Mbinga kuuza kanga, vioo vikamshika. Duka lake ndilo hilo mnalofanyia kazi, nyuma ya soko. Siku yangu ya kwanza nilisimama mlangoni nikiona aibu kuingia, mpaka jua likanihama bega. Mwishowe akasema bila kuinua kichwa, "Kijana, kama unataka kuwa nguzo ya duka, sogea kidogo, wateja wapite."

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Kaa hapo."

Alinionyesha kigoda katikati ya duka. Nilidhani atanipa randa au msumeno. Aliniacha nimekaa, yeye akaendelea kukata mbao. Baada ya muda akauliza, "Unaona nini?"

"Ukuta."

"Umesimama au umekaa?"

"Nimekaa."

"Basi. Mwenye nyumba naye atakuwa amekaa. Mafundi wengi hutundika picha kwa macho ya mtu aliyesimama, halafu wanakwenda zao, na mwenye nyumba anabaki kuinua shingo kama kuku anayekunywa maji."

Hilo ndilo somo la kwanza, na mpaka leo kila ninapoingia sebuleni kwa mtu nataka kukaa kwanza. Watu hudhani nimechoka.

Vifaa vyake vilikuwa vichache: almasi ya kukatia kioo, pima maji, futi, nyundo ndogo, uzi wa kujengea, magazeti ya zamani, na kopo la uji wa muhogo. Almasi msimwazime mtu. Inazoea mkono mmoja, na ikirudi kutoka kwa mwingine inakwaruza badala ya kukata. Magazeti yalikuwa na kazi hii. Tulipofika kwa mteja hatukutoboa ukuta siku hiyo. Tulikata kila gazeti sawasawa na fremu yake, tukayabandika ukutani kwa ule uji, tukawaachia wenye nyumba walale nayo. Asubuhi walikuwa wamekwisha kuyahamisha wenyewe, harusi imepanda, kipaimara kimeshuka, na shemeji mmoja amekwenda karibu na jikoni. Fundi alisema gazeti halina hasira. Picha ukiihamisha, mwenye picha anauliza kwa nini.

Kuhusu televisheni, iwekeni kwanza ndipo mpange mengine. Msiweke kando yake fremu kubwa kuliko yenyewe, itaonekana imeonewa. Juu yake tundikeni kitu chepesi tu, kwa kuwa milango ya nyumba zetu hubamizwa. Kioo cha picha kisitazamane na dirisha, ama sivyo mtu akimtafuta babu yake ataona mbuzi wa jirani. Na kitambaa cha kufuma ambacho mama wa nyumba atakifunika juu ya televisheni, kikaning'inia mpaka katikati ya kioo, msibishane nacho. Fundi Mshamu alibishana nacho mara moja tu.

Kule juu milimani wengi walinunua televisheni kabla ya umeme na kabla ya mawimbi. Walileta betri ya gari, wakawasha, zikaonekana chenga tupu, na bado nyumba ilijaa. Nilimsikia mzee mmoja akimwambia mwenzake, "Naona Dar leo mvua ni kubwa." Hakuna aliyecheka. Walikuwa wameinunua kwa jasho na walitaka kuitazama.

Sasa niandike lile swali. Mmenisikia nikiliuliza kila nyumba, nanyi mmelishika, lakini hamjui lilikotoka. Kabla ya kutoa futi mfukoni Fundi aliuliza, "Katika hawa, nani ametangulia?" Waliotangulia aliwaweka kulia kwa mtu aliyekaa, walio hai kushoto, televisheni ikiwa katikati. Nyumba nyingi alizofanyia kazi mlango uko kushoto, na yeye aliona afadhali marehemu wakae mbali na wapita njia. Waislamu wenzake walimtania kwamba anapanga makaburi ya Wakristo ukutani. Kwake mwenyewe hakukuwa na picha ya mtu hata mmoja, ila fremu moja ya Makka na moja ya aya.

Swali lilianzia kijijini kwetu, kabla sijafika kwake. Alipewa picha za familia, akaona bibi mmoja picha yake imepauka na rozari imezungushwa juu yake, akamtundika upande wa marehemu bila kuuliza. Bibi akaingia na mzigo wa kuni kichwani. Alitazama ukuta mpaka akamaliza, ndipo akatua kuni.

"Mgeni," akasema, "umenizika na sijapikiwa hata ugali."

Fundi alitaka kuing'oa. Bibi akakataa. "Iache. Nitaifuata siku yake." Na kweli aliifuata, lakini baada ya Fundi mwenyewe.

Baba Edmund alikuja dukani kwa miguu yake. Alikuwa mchuuzi wa usipa, wale dagaa wa ziwani, akiwaleta Mbinga kutoka Liuli kwa magunia. Mtu mpole, anayevua kofia hata anapouliza bei ya msumari. Alisema ana televisheni nyumbani, ipo ndani ya boksi tangu masika yaliyopita, na sasa anataka ukuta upangwe vizuri, picha zote, zizunguke mahali itakapokaa.

Tulishuka naye kwa lori. Kioo kinasafiri kimesimama, hakilazwi kamwe, na katikati ya vipande tuliweka majani makavu ya migomba. Fundi alikaa amekikumbatia njia nzima ya mteremko, na kila kona alisema "Yaa Latifu" huku akinitazama mimi kana kwamba ndiye dereva.

Nyumba ilikuwa ya tofali, sakafu ya saruji iliyong'arishwa, madirisha yakitazama ziwa. Boksi lilikuwa katikati ya ukuta wa sebule, juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Halikufunguliwa hata gundi yake. Juu ya boksi paliwekwa kikombe chenye maua, na maua yalikuwa mabichi.

Baba Edmund akatoa bahasha ya picha. Wazazi wake wawili. Yeye na mkewe siku ya ndoa mbele ya kanisa la misheni. Binti yao Agnesi siku ya kipaimara. Na kijana amesimama studio huko Songea mbele ya pazia lililochorwa ndege, mguu mmoja umetangulia kama mtu anayepanda ngazi zake.

Fundi akauliza swali lake.

Baba Edmund akatazama mlango kwanza. "Wazazi wangu," akasema. Halafu kwa sauti ya chini, "Na huyu. Edmund."

Akatueleza. Edmund alikwenda Tunduru wakati vijana wote walipokuwa wakienda kuchimba mawe ya thamani. Alipata. Akanunua televisheni, akampa dereva ailete nyumbani na maneno haya: mama asiiguse, nitakuja kuiwasha mwenyewe. Boksi lilifika, Edmund hakufika. Zikaja habari za shimo lililoanguka. Baba Edmund akasafiri mpaka kule, akaonyeshwa mahali, akapewa kandambili moja. Wengine walimwambia kijana alikuwamo shimoni, wengine wakasema alikuwa amekwisha kuvuka kwenda Msumbiji na wenzake. Maiti haikuonekana.

"Mchungaji anangoja neno letu tu afanye ibada," akasema. "Ndugu zangu wa Kingerikiti kila nikionana nao wananiuliza matanga lini. Nimechoka kujibu, Fundi. Nataka kijana apumzike."

Hapo mama akaingia. Alitoka ufukweni kuanika usipa, na magamba yalikuwa yakimeta mikononi. Tulisimama tukamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Poleni na safari. Mmekuja kutengeneza nini?"

"Ni mafundi wa picha," Baba Edmund akasema.

"Picha zipi?"

"Zote, Mama Edmund. Na hilo boksi lifunguliwe."

"Lifunguliwe na nani?"

Baba Edmund akashika kofia yake. "Mimi nimefika kule. Nimeonyeshwa shimo."

"Ulionyeshwa udongo."

"Na kandambili yake?"

"Kandambili ya bluu. Nusu ya nchi hii inavaa kandambili za bluu. Hata huyu kijana wa fundi amevaa."

Wote wakatazama miguu yangu. Nilitamani sakafu ile ingekuwa laini nizame ndani yake.

Fundi akasema taratibu, "Mama, mimi huwa nauliza swali moja kabla ya kazi."

"Nimelisikia, baba. Dirisha liko wazi. Waliotangulia katika nyumba hii ni wakwe zangu wawili. Edmund yuko safarini. Hata kwenye picha si mnaona anapanda ndege?"

"Mama Edmund," mumewe akasema, "mtu hawezi kufa nusu."

"Wala hazikwi nusu."

Akaenda jikoni kutupikia. Alitupikia vizuri sana, samaki mbasa wa kuchoma na ugali mweupe, akatunawisha mikono, akatuuliza habari za Mbinga. Hakuna chakula nilichokula kwa shida kama kile. Fundi alikunja futi yake akairudisha mfukoni. Akamwambia Baba Edmund, "Nyumba yenye majibu mawili mimi sigongi msumari. Nitabandika magazeti tu. Tuone."

Asubuhi Fundi akamchukua Baba Edmund ufukweni, eti akaonyeshwe mitumbwi. Mtu wa Kilwa kuonyeshwa mitumbwi. Nilibaki mimi na mama, magazeti na kopo la uji. Kubandika yale mengine hakukuwa na kazi: wakwe kulia, ndoa juu kidogo kushoto, Agnesi chini yake. Likabaki gazeti la Edmund mkononi mwangu.

"Weka kushoto," akasema. "Karibu na dada yake."

Nikabandika. Akakaa kwenye kochi akalitazama.

"Hapo anatazama wapi?"

Nilikuwa sijasema neno tangu asubuhi. "Mlangoni, mama."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Akafikiri. "Litoe. Hata mimi nilikuwa nikitazama mlango. Unachosha."

Akaniambia nilipeleke juu. Halikumpendeza, alisema kule ni kwa watu wanaotakiwa kuheshimiwa, na Edmund bado alikuwa anachapwa kwa utundu. Akaniambia chini. Chini akasema litapigwa na magoti ya wageni. Nililibandua na kulibandika mpaka pembe zake zikalegea. Wakati wote huo upande wa kulia hatukuugusa wala kuutaja, na wote wawili tulikuwa tukiujua ulipo. Mwishowe akainuka, akalichukua gazeti mwenyewe, akasogea upande ule. Alilishika juu ya ukuta, kando ya baba mkwe wake, kwa vidole viwili tu. Nilisogea na kopo la uji. Akaguna kama mtu aliyeinua kitu kizito, akarudi nyuma.

"Wewe mama yako yuko?"

"Yuko, mama. Ukata."

"Anajua uko wapi leo?"

"Nadhani anajua niko Mbinga."

"Unaona," akasema.

Kisha akalibandika gazeti lile juu ya boksi la televisheni, mbele, katikati. Akalisawazisha kwa kiganja. "Hapa. Asiwe huko wala huko. Picha yenyewe nitakaa nayo mimi."

Baba Edmund aliporudi akaliona. Alikaa kwenye kochi na kofia yake mapajani, akaangalia boksi lile. Fundi akatoa nyundo. Tukatundika waliobaki, kila mmoja mahali pake, pima maji ikasema sawa. Ule ni ukuta mzuri kuliko wote niliopata kuufanya, ila katikati yake palikuwa na boksi la karatasi lenye gazeti la zamani.

Kwenye lori tulipokuwa tukipanda kurudi, nilimngoja Fundi aseme neno juu ya jambo lile. Tulipofika juu kabisa, ziwa likiwa limebaki nyuma, akasema, "Uji wako ulikuwa mzito, Kasto. Gazeti lile litadumu." Akafumba macho.

Miaka iliyofuata haikuwa mizuri. Bei ya kahawa ikashuka, wanunuzi wakapungua, na televisheni zikaanza kushuka mlimani kurudi kule kule zilikotoka. Kazi yetu ikawa kuitwa kwenda kuziba pengo. Unafika nyumba ambayo uliipanga mwenyewe, unakuta katikati pana mraba wa rangi mbichi na shimo la waya, na picha zote zimezunguka mahali patupu kama watu waliozunguka kitanda cha mgonjwa aliyehamishwa. Tulisogeza harusi katikati. Wenye nyumba walisimama nyuma yetu wakisema sasa hivi ndivyo vizuri zaidi, na sisi tulikubali.

Kisha Fundi Mshamu akaugua homa, akazikwa Mbinga, mbali na kwao. Nilitafuta picha yake dukani mahali pote, kwa kuwa mkewe aliniuliza. Hakuna. Kila picha iliyopigwa mbele ya duka lile, yeye alikuwa nyuma ya fremu, ameishika isianguke. Katika moja unaonekana mkono wake. Mkewe aliitazama akasema ndiyo, ni wake, akaondoka nayo.

Mkono wangu mnajua ulivyokatika, mlikuwepo. Kioo kilipasuka mikononi nilipokuwa nakiinua, kikapita kwenye mishipa ya kiganja. Hospitali walishona vizuri, lakini vidole vitatu havikunjiki tena. Nilikaa dukani nikiwaelekeza ninyi, nikaona mnavyonionea huruma mkinipa kazi ya kupaka vanishi.

Mnakumbuka siku alipokuja dereva kutoka Liuli na kusema Baba Edmund amefariki, na mama anataka fundi. Mlijitolea kwenda. Dereva akasema mama ametaka yule asiyesema. Mlicheka, mkaniuliza nitapigaje nyundo, nami nikaondoka bila kujibu. Ndiyo sababu naandika haya yote. Mlistahili jibu.

Nilimkuta amenyolewa nywele, amekonda. Agnesi alikuwa ameolewa Mbamba Bay na alikuwa amerudi kwake baada ya matanga. Sebule ilikuwa vile vile. Boksi lipo, gazeti lipo juu yake, limekuwa rangi ya chai. Akanikaribisha, akaona mkono wangu, akaushika akaugeuza kama anavyogeuza samaki kuona kama amekauka.

"Unauma?"

"Wakati wa baridi, mama."

"Basi tutafanya wote wawili."

Picha ya Baba Edmund niliichongea fremu kwa kubana mbao kwa goti, siku nyingi. Tulimtundika kulia, chini ya wazazi wake. Mama alishika msumari kwa vidole, mimi nikapiga kwa mkono wa kushoto, nikiogopa kila pigo. Hakukwepa hata mara moja. Tulipomaliza tukakaa, kama nilivyofundishwa, tukatazama.

Akapangusa vumbi la ukuta mikononi.

"Alikuwa ananiomba jambo moja tu," akasema. "Miaka yote ile hakuniomba jingine. Hakugomba. Jioni akirudi na baiskeli yake anakaa hapo ulipokaa, anatazama boksi, halafu ananitazama mimi. Nami najifanya nachambua mchele."

Nikasema, "Pole, mama."

"Siku za mwisho alisema, nikifika kule nitamwuliza mwenyewe kama yupo. Nikamwambia, usipomkuta usirudi kuniambia. Tukacheka. Ndiyo mara ya mwisho tuliyocheka." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Sasa namwona pale na wazee wake. Wakwe zangu walikuwa wakali, walikuwa wanamwogopesha hata akiwa mtu mzima. Hana mtoto hata mmoja upande ule. Na kama Edmund yuko huko, basi amemkuta, na mimi hapa ukutani nawatenganisha. Siwezi."

Akaingia chumbani akatoka na picha. Aliishika kifuani muda kidogo, ndipo akanipa. Nilikuwa nimekuja na fremu yake, niliitengeneza zamani na sikuwahi kuipeleka. Nikaitia kioo. Kijana yule bado alikuwa anapanda ndege.

"Sikiliza," akasema. "Si kwamba nimejua. Sijajua kitu."

"Naelewa, mama."

"Namweka kwa ajili ya baba yake."

"Ndiyo, mama."

Akapima mwenyewe kwa kiganja kutoka kwa baba, akashika msumari. Nilipiga mara ya kwanza, ya pili. Akasema, "Usiuzamishe sana, Kasto."

Nikaisimamisha nyundo. "Nitauacha nje kidogo."

"Fremu itashika?"

"Itashika. Ila mtu asiiguse."

"Nani aiguse?"

Nikaitundika. Akarudi nyuma mpaka kwenye kochi, akakaa, akawatazama wawili wale. Baadaye akachukua kisu cha samaki, akabandua gazeti lile polepole bila kulichana, akalikunja, akakata gundi ya boksi. Televisheni ilitoka ikiwa na nailoni yake, inanuka upya. Niliiweka mezani, nikaisogeza mpaka pima maji ikakubali. Nikamuuliza kama nimwite jirani mwenye betri tuijaribu.

"Hapana. Nimeitoa tu kwenye boksi, ukuta usikae na kasoro. Alisema ataiwasha mwenyewe."

Akaifunika kitambaa. Akanipikia, nikala, na safari hii chakula kilipita. Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho. Nyundo niliiacha kwake, kwa sababu aliiomba, na almasi ni yenu, mtajua wenyewe itazoea mkono wa nani.

Sasa nawaomba. Dukani hapo wanapita madereva, wanapita vijana waliorudi kutoka Tunduru, na wengine wanaotoka Msumbiji kuuza vitenge. Wasomeeni kipande hiki cha Liuli. Waulizeni kama kuna aliyemjua Edmund, mrefu, ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, anacheka kabla hajamaliza kusema. Mkisikia habari yoyote, ya shimo au ya ng'ambo, niandikieni. Msione haya kwa mwandiko wala kwa herufi, wangu mmeuona. Andikeni kwa uwazi, msinizungushe, kwa kuwa nitapanda lori kwenda kumsomea mama, na yeye amekwisha kuniuliza mara mbili kama ule msumari auzamishe au aung'oe.

Ndugu yenu,
Kasto